Kustaafu kwa heshima huanza miaka kumi kabla

KWA miaka mingi neno ‘kiinua mgongo’ limekuwa na maana moja masikioni mwa mfanyakazi wa Tanzania: fungu kubwa la fedha linalolipwa mara moja siku za kazi zinapokwisha. Kwa fungu hilo nyumba ingemaliziwa, mtoto wa mwisho angelipiwa ada, na kinachobaki kingefungua duka au kununua mashine ya kusaga. Mipango yote ambayo mshahara ulishindwa kuibeba kwa miaka 30 ilisubiri siku hiyo moja.

Fungu hilo leo ni dogo kuliko lile alilolitegemea mtumishi wa umma aliyeajiriwa miaka ya 1990. Mjadala wa kikokotoo, uliotikisa vyama vya wafanyakazi, Bunge na vijiwe vya kahawa tangu mwaka 2018, umezungumzwa zaidi kama suala la haki, na ni kweli kuwa ni suala la haki. Hata hivyo, kwa mtu mwenye miaka 50 sasa upo upande wa pili usiosubiri mjadala umalizike. Siku ya kustaafu haiwezi tena kubeba mizigo iliyokuwa ikipangiwa. Mizigo hiyo inapaswa kutuliwa mapema, wakati mshahara bado unaingia.

Kikokotoo kilivyobadilika

Kabla ya mwaka 2018 mfumo haukuwa mmoja. Wanachama wa PSPF na LAPF walilipwa nusu ya pensheni yao kwa mkupuo, wakati wenzao wa PPF na NSSF walipata robo, yaani asilimia 25. Mwaka huo Bunge lilipitisha sheria iliyounganisha PPF, PSPF, LAPF na GEPF kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, huku NSSF ikibaki na wafanyakazi wa sekta binafsi na waliojiajiri. Kanuni zilizofuata ziliweka mkupuo wa asilimia 25 kwa wote.

Malalamiko yakawa makubwa. Mwishoni mwa Desemba 2018 Rais John Magufuli alisitisha kanuni hizo na kuagiza utaratibu wa zamani uendelee hadi mwaka 2023. Baada ya mazungumzo ya Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi, kikokotoo kipya kilianza Julai 1, 2022, kikiweka mkupuo wa asilimia 33 na asilimia 67 iliyobaki kulipwa kila mwezi. Manung’uniko hayakuisha. Juni 2024, katika bajeti ya mwaka 2024/25, Serikali ilitangaza kupandisha mkupuo hadi asilimia 40 kwa wale waliokuwa katika kundi la asilimia 50, na hadi asilimia 35 kwa waliokuwa katika kundi la asilimia 25.

Sababu kubwa iliyotolewa kwa mabadiliko hayo ni uhai wa mifuko. PSPF ilianza mwaka 1999 ikiwa na jukumu la kuwalipa watumishi ambao kwa sehemu kubwa ya utumishi wao hawakuwa wamechangia chochote katika mfuko. Deni hilo la kabla ya 1999 lilikua mwaka hadi mwaka, na ni katika mwaka wa fedha 2021/22 tu ambapo Serikali iliipatia PSSSF hatifungani maalumu isiyo ya fedha taslimu yenye thamani ya shilingi trilioni 2.17. Mfuko unaolipa mkupuo mkubwa kuliko uwezo wake huishia kuwachelewesha wastaafu, na wapo waliosubiri mafao yao kwa miezi mingi katika miaka hiyo.

Hesabu inasemaje?

Kikokotoo si fumbo. Pensheni ya mwaka hupatikana kwa kuzidisha idadi ya miezi ya kuchangia kwa wastani wa mshahara wa mwaka, kisha kugawa kwa 580. Sehemu inayotolewa kwa mkupuo huzidishwa kwa 12.5, na iliyobaki hugawanywa kwa miezi 12. Kwa waliokuwa PSPF na LAPF, zamani kigawanyo kilikuwa 540 na kizidisho 15.5.

Chukulia mfano wa mwalimu aliyechangia kwa miaka 30, yaani miezi 360, na ambaye mshahara wake unaoingia katika hesabu ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Kwa kikokotoo cha zamani cha asilimia 50 angepata mkupuo wa shilingi milioni 74.4 na pensheni ya shilingi 400,000 kila mwezi. Kwa kikokotoo cha asilimia 40 anapata mkupuo wa shilingi milioni 44.7 hivi na pensheni ya takriban shilingi 447,000 kwa mwezi.

Mkupuo umepungua kwa karibu shilingi milioni 30, na pensheni imeongezeka kwa shilingi 47,000 hivi kwa mwezi. Nyongeza hiyo ingehitaji zaidi ya miaka 50 ili kufidia kilichopungua. Waliolalamika hawakuwa wakilalamikia hewa, kwani kwa mwalimu huyu mabadiliko hayo ni upungufu halisi. Kwa upande mwingine, mwenzake wa kundi lililokuwa la asilimia 25 mkupuo wake umeongezeka, ingawa pensheni yake ya kila mwezi imepungua.

Lipo jambo jingine katika hesabu hiyo ambalo wafanyakazi wengi hawaliangalii. Kutoka mshahara wa shilingi 1,200,000 hadi pensheni ya shilingi 447,000 ni kushuka hadi chini ya asilimia 40 ya kipato. Bei za sokoni hazishuki pamoja naye. Kwa mfumuko wa bei wa asilimia 3 kwa mwaka, kiwango ambacho Tanzania imekuwa karibu nacho katika miaka ya karibuni, shilingi 100,000 ya leo itanunua bidhaa za takriban shilingi 64,000 baada ya miaka 15. Ukifika asilimia 5, itanunua chini ya nusu. Pensheni huongezwa pale tu inapoamuliwa iongezwe, haifuati bei yenyewe.

Mizigo ya kutua kabla ya miaka 60

Umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na kwa lazima ni miaka 60, isipokuwa kwa baadhi ya kada, wakiwamo maprofesa na madaktari bingwa, ambao huenda hadi miaka 65. Aliyefika 60 akiwa na afya anapaswa kujiandaa kuishi miaka mingine 15, 20 au zaidi. Kipindi hicho kinaweza kukaribia urefu wa ajira yenyewe, ila hakina posho, safari za kikazi wala mkopo wa haraka wa mwajiri.

Mzigo wa kwanza ni deni. Sheria inalinda theluthi moja ya mshahara isiguswe na makato, lakini wafanyakazi wengi wameigeuza theluthi hiyo kuwa kiwango cha kuishi. Hukopa benki, wakimaliza hukopa tena, na juu yake kuna mkopo wa SACCOS na wa kikundi. Anayefika miaka 60 akiwa na deni huanza kustaafu kwa kulipa yaliyokwisha kuliwa. Kanuni iliyo rahisi kufuata ni kwamba baada ya miaka 55 mkopo mpya uwe wa kitu kinachozalisha, na uishe kabla ya mshahara kuisha.

Mzigo wa pili ni nyumba. Wapo wanaosubiri mafao ndipo waezeke, na hapo ndipo milioni 40 huyeyuka katika mabati, madirisha na fundi. Nyumba ya vyumba vitatu iliyojengwa polepole kwa mshahara, tofali kwa tofali, ina faida kuliko nyumba ya vyumba sita iliyomeza mkupuo wote na kumwacha mwenye nyumba bila fedha ya kununua dawa.

Mzigo wa tatu ni ada. Mwenye mtoto wa miaka 10 akiwa na miaka 52 atakuwa amestaafu kabla mtoto huyo hajamaliza masomo ya juu. Hilo linajulikana mapema na halina sababu ya kuwa dharura. Mzazi anaweza kuanza sasa kununua vipande katika mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kama ile inayosimamiwa na UTT AMIS, ambayo hupokea viwango vidogo na inao mfuko uliotengwa kwa ajili ya watoto.

Shamba halijifunzwi kwa kiinua mgongo

Ukiwauliza wafanyakazi wanaokaribia kustaafu watafanya nini, wengi watajibu kilimo au ufugaji. Ni jibu zuri, kwani ardhi ipo, soko la chakula halifi na kazi yenyewe huweka mwili katika afya. Tatizo ni kwamba wengi huanza siku waliyopata fedha, wakiwa hawajawahi kumwona kuku akiugua wala kupambana na dalali wa nyanya.

Chukulia kuku wa mayai 500, mradi unaotajwa sana. Kifaranga huchukua kati ya wiki 18 na 20 kabla ya kuanza kutaga, na katika muda huo hula chakula cha kilo 7 hivi. Kwa kuku 500 hiyo ni tani tatu na nusu, sawa na mifuko 70 ya kilo 50, kabla ya yai la kwanza kuonekana. Wakishaanza kutaga, kila kuku hula gramu 120 hivi kwa siku, na kundi zima hula kilo 60, yaani zaidi ya mfuko mmoja kila siku, iwe trei ya mayai imepanda bei au imeshuka. Chakula ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya gharama. Chanjo ya kideri au ya gumboro ikikosewa ratiba, banda linaweza kubaki tupu ndani ya wiki moja.

Mwenye mshahara anayeanza na kuku 50 akiwa na miaka 50 anaweza kumudu hasara ya kundi la kwanza. Atajua ni duka gani linauza vifaranga dhaifu, mwezi gani mayai hukosa wanunuzi na kijana gani wa kumwachia banda. Akifika 60 ataongeza idadi kwa kujua. Mstaafu anayeanza na kuku 500 analipa karo ya shule hiyo hiyo kwa fedha ambayo haitarudi.

Kwa mazao ya kudumu suala la muda ni zito zaidi. Parachichi la Hass lililobebeshwa huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne, na kahawa huhitaji karibu muda huo huo. Miti ya mbao, kama misonobari inayopandwa kwa wingi Mufindi na Njombe, huhitaji zaidi ya miaka 10. Aliyepanda akiwa na miaka 48 atavuna mbao akikaribia kustaafu, lakini anayepanda akiwa na 60 anawapandia wajukuu. Si vibaya kuwapandia wajukuu, mradi tu aelewe kwamba shamba hilo halitamnunulia sukari.

Ardhi nayo ina makaratasi yake. Shamba la kijijini ambalo mtumishi amelipigia mahesabu miaka yote akiwa mjini linaweza kuwa limegawanywa na ndugu, au mpaka umesogezwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatoa nafasi ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Kuifuatilia ukiwa bado kazini, wakati wazee wanaoujua mpaka wangali hai, kunapunguza kesi za baadaye.

Tahadhari nyingine ni miradi ya mkumbo. Nchini Kenya mwaka 2013 na 2014 mayai ya kware yalipanda bei kwa madai ya kutibu magonjwa, watu wengi wakakimbilia kufuga, na soko likaanguka mara kila mtu alipokuwa na kware. Hapa Tanzania, DECI iliwavutia maelfu ya watu ‘kupanda’ fedha ili kuvuna zaidi, hadi Serikali ilipoingilia kati mwaka 2009. Mstaafu mwenye fedha taslimu ndiye mgeni anayesubiriwa sana katika miradi ya namna hiyo. Mradi unaoahidi faida kubwa kwa muda mfupi bila mtoa fedha kuona banda, shamba wala hesabu haufai kupewa hata sehemu ndogo ya mafao.

Mkupuo ukae wapi?

Jibu linalosaidia wengi ni kuugawa kabla haujafika. Sehemu ya kwanza ni akiba ya dharura inayotosha miezi sita hadi 12, ikae mahali inapoweza kutolewa haraka. Sehemu ya pili, iliyo kubwa, iwekwe mahali salama inapotoa kipato. Sehemu ya tatu, iliyo ndogo, iende kupanua shughuli ambayo tayari imethibitika.

Kwa sehemu ya pili, hatifungani za Serikali zinazouzwa na Benki Kuu hulipa riba kila baada ya miezi sita, na mtu wa kawaida anaweza kushiriki kupitia benki au wakala wa soko la hisa. Kwa mfano, shilingi milioni 20 zilizowekwa kwa riba ya asilimia 12 zingeleta shilingi milioni 2.4 kwa mwaka, sawa na shilingi 200,000 kwa mwezi, na mtaji ukarudi wote muda ukiisha. Viwango hubadilika kutoka mnada mmoja hadi mwingine, na anayeuza kabla ya muda anaweza kupata pungufu. Lakini kwa mwalimu wa mfano wetu, 200,000 hiyo juu ya pensheni ya 447,000 inaleta kipato cha karibu shilingi 650,000 bila ya kuugusa mtaji.

Faili lisisubiri

Wengi wanaochelewa kulipwa huchelewa kwa sababu ya karatasi. Jina la katika cheti halilingani na la kwenye mfuko, barua ya kuthibitishwa kazini haionekani, au mwajiri wa zamani hakuwasilisha michango ya miaka miwili. Kwa anayechangia katika PSSSF, mtumishi hukatwa asilimia 5 na mwajiri huongeza asilimia 15, na kwa NSSF jumla ni asilimia 20 pia. Kila mwezi usiowasilishwa unapunguza idadi ya miezi katika kikokotoo, na chini ya miezi 180 pensheni ya kila mwezi haipatikani.

Mifuko yote miwili sasa ina njia za mwanachama kuangalia michango yake kwa simu. Pengo likigunduliwa mtu akiwa na miaka 50, mwajiri bado yupo na mhasibu anakumbuka. Likigunduliwa mtu akiwa na miaka 60, kampuni inaweza kuwa imekwishafungwa. Aidha, majina ya wategemezi yanapaswa kuhuishwa, hasa pale ndoa na watoto wanapokuwa wameongezeka tangu fomu ya kwanza ijazwe.

Jumatatu ya kwanza

Fedha ikiwa imepangwa, bado kuna Jumatatu ya kwanza baada ya kukabidhi ofisi. Simu hailii, hakuna anayesubiri saini, na aliyekuwa akiitwa ‘mkuu’ anaketi barazani huku wenzake wa nyumbani wakiendelea na ratiba zao zisizomhitaji. Wapo wanaoanza kunywa, na wapo wanaoingilia kila jambo la jikoni hadi ndoa ya miaka 30 ikachoka. Mazungumzo kati ya mume na mke kuhusu wataishi wapi, mjini au kijijini, na nani atafanya nini, yanafaa kufanyika miaka kadhaa kabla. Mara nyingi mmoja ana ndoto ya kurudi kwao na mwenzake hajawahi kuulizwa.

Ndugu nao wanahitaji kuambiwa mapema. Katika koo nyingi habari za mafao hufika kijijini kabla ya fedha yenyewe, na orodha ya ada, mahari na matibabu huwa tayari. Mstaafu anayetangaza kiasi atakachoweza kuchangia kwa mwaka, na kukishikilia, hagombani na watu kama yule anayetoa kila kitu mwaka wa kwanza na kuomba mwaka wa tatu.

Afya pia ina maandalizi yake. NHIF ina utaratibu wa kuwahudumia wanachama wastaafu na wenza wao kwa masharti yaliyowekwa, na mtumishi anapaswa kujua mapema kama anayatimiza. Shinikizo la damu na kisukari vilivyoachwa bila kupimwa kazini huja kudai gharama uzeeni.

Ujuzi nao haustaafu. Chama cha ushirika cha msingi kinachokosa mtu wa kusoma vitabu vya hesabu, bodi ya shule, kamati ya maji na kamati ya msikiti au kanisa, vyote vina nafasi kwa mhasibu, muuguzi au mwalimu mwenye muda. Wengi wanaozeeka kwa furaha ni wale wanaosubiriwa mahali fulani angalau siku mbili kwa wiki.

Wasio na mwajiri

Mkulima, mvuvi na mama lishe hawana barua ya kustaafu, lakini nguvu zao hupungua vilevile. NSSF inapokea wanachama wa hiari waliojiajiri, na mkulima anaweza kupanga michango yake kwa kufuata msimu wa mauzo. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee mwenye miaka 70 na zaidi pensheni jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi, hatua ambayo wengi wamependa iigwe Bara. Hadi hapo, uzee wa wengi hutegemea watoto, ambao nao wana ada zao za kulipa.

Mjadala wa asilimia utaendelea, na wafanyakazi wana haki ya kuuendeleza. Lakini aliye na miaka 50 leo amebakiwa na mishahara 120 kabla ya kustaafu kwa lazima. Nyumba, deni, kuku 50 wa majaribio, miche ya parachichi na hati ya shamba vyote vinaweza kuingia ndani ya mishahara hiyo, kimoja baada ya kingine. Haviwezi kuingia ndani ya mkupuo mmoja.